Dola Isiyobisha Hodi

Katika lugha yetu kuna neno dogo ambalo mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Neno hilo ni hodi. Mgeni hulitamka akiwa nje, akangoja. Akiitikiwa karibu, huingia. Asipoitikiwa, hulitamka mara ya pili na ya tatu, kisha huenda zake bila kinyongo. Mkubwa kwa cheo hulitamka kama mdogo, na kibanda cha makuti hulistahili sawasawa na jumba la mawe. Nimeanza na neno hili, msomaji mwema, kwa sababu nataka twende pamoja katika hadithi za namna moja ambazo nimezisoma na kuzisomesha kwa miaka kadhaa, na kila nizisomapo naona kuwa hilo ndilo neno lililopotea ndani yake.

Hadithi hizo husimulia habari za nchi isiyokuwamo katika ramani, ambako serikali imepata nguvu za kutawala kila kitu: kazi ya mtu, chakula chake, ndoa yake, kumbukumbu zake, na hata ndoto zake. Wataalamu huziita distopia, neno lililoundwa liwe kinyume cha utopia, na utopia ni jina ambalo Thomas More wa Uingereza alikipa kisiwa chake cha kubuni mwaka 1516. Kijana wa shule aweza kudhani kuwa mambo haya ni ya watu wa mbali. Mimi, niliye mwalimu wa walimu katika chuo cha ualimu, naona kuwa yako karibu sana, na nitajaribu kuonyesha ukaribu huo ulipo.

Tuanze Urusi. Yevgeny Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Uingereza kusimamia uundaji wa meli za kuvunjia barafu, akarudi kwao mwaka 1917, mwaka wa mapinduzi. Katika ujana wake alikuwa amefungwa na serikali ya mfalme kwa kuwa mwanamapinduzi. Baadaye akafungwa na serikali ya wanamapinduzi kwa kuwa na maneno mengi. Mtu aliyelala katika jela za pande mbili zinazochukiana ana haki ya kusikilizwa anapozungumza juu ya dola. Riwaya aliyoiandika kati ya mwaka 1920 na 1921 inaitwa kwa Kirusi My, yaani Sisi.

Katika nchi ya riwaya hiyo watu hawana majina. Wana herufi na tarakimu. Msimulizi anaitwa D-503. Nyumba zote zimejengwa kwa kioo, hata mtu ageukapo kitandani jirani humwona. Mapazia huteremshwa kwa kibali na kwa saa iliyopangwa. Ratiba ni moja kwa watu wote: huamka dakika moja, huinua vijiko dakika moja, na kila tonge lina idadi yake ya kutafunwa, mara 50, kwa amri. Wanafunzi wangu hucheka wafikapo hapo, nami huwaacha wacheke, kwani wengi wao wametoka katika shule za bweni na wanajua kengele ni kitu gani.

Lililonishika zaidi katika riwaya hiyo ni daftari. D-503 si mwasi. Ni raia mwaminifu anayeongoza uundaji wa chombo cha kwenda katika sayari nyingine, naye anaanza kuandika ili aisifu dola yake mbele ya viumbe watakaokutwa huko. Aandika kwa moyo mweupe. Walakini kila ukurasa humlazimu aseme mimi niliona, mimi nilihisi, mimi niliogopa. Na neno hilo mimi, ambalo nchini mwake halina kazi, humpata nguvu kidogo kidogo. Afikapo katikati ya kitabu, daftari la sifa limekwisha kuwa daftari la mtu. Dola inapoona kuwa maradhi ya namna hii yameenea, inatafuta tiba. Wataalamu wanagundua mahali katika ubongo panapozaa mawazo ya kubuni, na raia wote wanaitwa wakachomwe hapo kwa miale. D-503 naye anachomwa. Ukurasa wake wa mwisho ni mtulivu mno, na utulivu huo ndio unaotisha.

Riwaya hiyo ilitoka kwanza kwa tafsiri ya Kiingereza, New York, mwaka 1924. Zamyatin alimwandikia Stalin barua mwaka 1931 akiomba ruhusa ya kuondoka, akaruhusiwa, akafa Paris mwaka 1937. Nchini mwake Sisi haikuchapishwa mpaka mwaka 1988.

Miongoni mwa walioisoma kwa makini alikuwamo George Orwell. Aliiandikia tahakiki katika gazeti la London mwezi Januari 1946, na mwezi Juni 1949 akatoa riwaya yake ya 1984. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki humjua Orwell kwa Shamba la Wanyama, kitabu ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili na kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Wachache hukumbuka kuwa Orwell, aliyezaliwa Bara Hindi, alikuwa afisa wa polisi wa himaya ya Waingereza nchini Burma tangu mwaka 1922 mpaka 1927. Kwa hiyo alipoeleza habari za dola iingiayo majumbani mwa watu, hakueleza ya kusikia. Buti ziingiazo alikuwa amepata kuzivaa mwenyewe.

Katika 1984 kuta si za kioo, ila katika kila nyumba ya mwanachama wa Chama kuna kiwambo ukutani. Kiwambo hicho huonyesha picha na kutoa sauti, na papo hapo humtazama na kumsikiliza anayekitazama. Sauti yaweza kupunguzwa. Kukizima kabisa haiwezekani. Winston Smith, mtu dhaifu wa umri wa miaka 39 mwenye kidonda mguuni, anaishi katika chumba ambacho kwa bahati ya ujenzi kina kijipembe kisichofikiwa na jicho la kiwambo. Hapo ndipo anapokaa, anafungua daftari zuri la zamani alilolinunua katika duka la vikorokoro, na tarehe 4 Aprili anaandika mstari wa kwanza. Hakuna sheria inayomkataza, kwa kuwa nchi hiyo haina sheria tena. Hata hivyo anajua kuwa akipatikana atauawa, au kwa uchache atatiwa katika kazi ya kulazimishwa kwa miaka 25.

Lipime jambo hilo, msomaji. Dola yenye majeshi baharini na nchi kavu inaogopa pembe ya chumba isiyopita upana wa kiti. Sababu yake twaipata katika kazi ambayo Winston ameajiriwa kuifanya. Yeye ni karani wa kusahihisha magazeti ya zamani. Kila Chama kinapogeuza usemi wake, magazeti ya jana hugeuzwa yafuate, na nakala zilizosema kweli hutupwa katika tundu la moto. Chokoleti ikipunguzwa, huandikwa kuwa imeongezwa. Adui akibadilika, huandikwa kuwa ndiye aliyekuwa adui siku zote. Nchi nzima imekubali kukumbuka kile inachoambiwa ikumbuke. Basi mtu mmoja mwenye daftari pembeni ni shahidi, na dola ya namna hiyo yaweza kustahimili njaa, vita na tauni, lakini shahidi haimstahimili.

Mimi ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo sina budi kukaa kidogo juu ya habari ya kamusi. Katika ofisi za Winston yumo mtaalamu aitwaye Syme, ambaye kazi yake ni kutengeneza kamusi ya lugha mpya. Kamusi nyingine zote duniani hunenepa kila zinapotolewa upya. Ya Syme hukonda. Anayapenda maneno kama mchinjaji anavyowapenda mbuzi. Shabaha ya kazi yake ni kwamba ifike siku ambapo mtu hawezi kuwaza uasi kwa kuwa hana neno la kuuwazia. Neno huru halikufutwa, ila liliachiwa kazi ndogo, kama vile kusema shamba liko huru na magugu, au mbwa yuko huru na chawa. Maana ile ya mtu kuwaza na kuamua mwenyewe ilitolewa, na ganda la neno likabaki.

Nimejaribu kufikiri ingekuwaje kwa Kiswahili. Sisi tunalo huru, ambalo tulilipata katika Kiarabu, na tunalo muungwana, ambaye zamani katika pwani yetu alikuwa mtu asiye mtumwa, na leo ni mtu mwenye adabu. Itazame safari ya neno hilo la pili. Lilianza kwa kueleza hali ya mtu mbele ya bwana, likaishia kueleza tabia ya mtu mbele ya wenzake. Syme angelipenda sana: angeichukua adabu na kuuacha uhuru. Nasi tumeifanya nusu ya kazi hiyo bila ya kulazimishwa, kwa maana mwanafunzi akiambiwa kuwa yeye ni muungwana, hufahamu kuwa anasifiwa kwa kunyamaza.

Sasa nitatoka vitabuni kidogo. Miaka ile ile ambayo Zamyatin alikuwa akiwapa watu wake tarakimu badala ya majina, serikali ya kikoloni nchini Kenya ilikuwa ikiwalazimisha wanaume Waafrika waliotimu miaka 16 kuchukua kipande. Karatasi hiyo ilikuwa na alama za vidole vya mtu na maandishi ya waajiri wake, nayo ilitiwa katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwaka 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, na kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya 1,000,000 wa nyanda za kati wakaondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa, wakawekewa amri ya kutotembea usiku. Mambo hayo yalitendeka kwa mihuri na hati, na makarani waliyaandika kwa mwandiko mzuri.

Bibi yangu alipitisha usichana wake katika kijiji kimoja cha namna hiyo. Katika uzee wake alikuwa na desturi iliyotuchekesha sisi wajukuu: hata mlango ukiwa wazi, na yeye amekwisha kutuona tangu mbali, hakukubali tuingie kabla ya kubisha hodi. Siku moja akatueleza kwa maneno machache kwamba kijijini mle askari waliingia usiku kwa teke, na baba yake, mtu aliyeheshimiwa na ukoo mzima, alisimamishwa kando kama mtoto huku vyungu vikipinduliwa. Hakuongeza neno. Miaka mingi baadaye, niliposoma 1984 nikiwa mwanachuo, sikuhitaji kuelezwa kiwambo ni nini.

Kuna hoja inayoletwa darasani mwangu karibu kila mwaka, na kwa kuwa ni hoja nzuri siwezi kuipita. Husimama mwanachuo mmoja akasema, "Mwalimu, mtu ni watu. Hao akina Winston wanataka kujitenga pembeni na kuandika siri zao. Desturi hiyo si yetu. Sisi tunaishi pamoja, tunalia pamoja, na anayejifungia peke yake twamwogopa." Wengine hupiga makofi.

Mimi humjibu kwa kumchorea ubaoni ramani ya nyumba ya mawe ya Lamu. Mbele yake kuna daka lenye viti vya mawe ambapo mwenye nyumba huketi na wageni, wakazungumza habari za bei, za bahari na za mji. Ukipita hapo kuna kiwanda, yaani ua wa ndani. Ukipita hapo kuna misana, na nyuma kabisa kuna ndani, chumba cha siri cha nyumba. Kila hatua ina watu wake, na kila hatua ina ruhusa yake. Watu walioijenga nyumba hiyo walikuwa wenye jamaa nyingi na majirani wengi, na ndiyo maana waliufikiri mlango kwa uangalifu hivyo. Mtu ni watu, kweli; lakini watu hao hubisha hodi. Dola ya D-503 haitumii neno sisi kama jirani alitumiavyo. Hulitumia ili pasibaki mlango wowote wa kubisha.

Yako mambo mengine katika hadithi hizi ambayo nitayapitia kwa haraka. Aldous Huxley, katika Brave New World ya mwaka 1932, alibuni dola isiyotumia mjeledi, bali huwashibisha watu starehe na vidonge vya kuondoa huzuni, na kuwazoeza tangu utotoni kuchukia kukaa peke yao. Ray Bradbury wa Marekani, mwaka 1953, alibuni mji ambamo wazima moto huajiriwa kuchoma vitabu, na mwishoni watu wachache wakimbiliao porini wamehifadhi vitabu vichwani, kila mmoja na chake. Msomaji wa Mombasa hatashangazwa na hilo, kwa kuwa mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalikaa katika vifua vya watu kwa miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua hajayakusanya yakaandikwa. Kuhusu simu tunazotembea nazo leo, ambazo hutambua tulipo na tulichokitafuta usiku, nitasema neno moja tu: kiwambo cha Winston kilitiwa nyumbani mwake na serikali, na sisi cha kwetu tumekinunua kwa fedha zetu na tunakitia moto kila jioni.

Mpaka hapa yamkini umefahamu kuwa nasifu upweke. La. Dola ile ile inayomnyang'anya mtu pembe yake hujua pia kumpa pembe tupu mpaka imchoshe. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu mwaka 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya waraka aliouandika kuuliza Kenya inakwenda wapi, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alitengwa na watu. Alikuwa na chumba chake peke yake, lakini ufunguo ulikuwa nje. Aliandika mashairi yake kwa siri katika karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya chumba cha mtu ni hili: ni nani anayeufunga mlango, na ni nani anayeweza kuufungua?

Hapa ndipo ninapomleta Shaaban Robert, na ni kwa ajili yake nimeandika insha hii. Shaaban alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, na kwa muda mrefu wa maisha yake alikuwa karani wa serikali ya Waingereza nchini Tanganyika. Mhandisi Mrusi, polisi Mwingereza na karani Mswahili: wote watatu waliijua meza ya serikali kwa upande wa ndani. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, miaka miwili baada ya 1984. Ni habari ya nchi inayoelea angani, yenye mfalme, mawaziri na baraza, na yenye desturi ya kuwatupa gerezani watu wanaoleta mashauri mema. Karama, kijana wa nchi hiyo, anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, yaani kuwafundisha watu namna ya kujitetea mbele ya sheria. Kosa hilo ni la ajabu ukilifikiri, maana nchi inayoona elimu ya sheria kuwa hatari imekwisha kukiri jambo fulani juu ya sheria zake.

Karama hana daftari la siri. Hana pembe. Yeye anasimama katikati ya baraza, mbele ya mfalme na mbele ya mshtaki wake, anaomba asikilizwe, na kwa muda wa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo hiyo pande nne za dunia, na juu mbinguni, na chini ardhini. Kila mjumbe alipata taabu kubwa njiani, kila mmoja alirudi na mawazo ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja alifungwa. Karama hamtukani mtu. Anasimulia tu, na majina anayoyataja, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, yanaingia mmoja mmoja katika masikio ya watu ambao walikuwa wamekwisha kuyasahau. Mwishowe anaachiliwa, na wafungwa nao wanafunguliwa.

Wahakiki wengine husema kuwa mwisho huo ni mwepesi mno, kwamba hakuna dola dhalimu inayokaa siku sita kusikiliza. Orwell bila shaka angesema hivyo, kwani Winston wake anakamatwa katika chumba alichodhani ni cha siri, kumbe nyuma ya picha ukutani kuna kiwambo, na mwenye duka aliyempangisha ni askari wa polisi wa fikra. Kisha anateswa mpaka aamini kuwa mbili na mbili ni tano. Mimi nakubali kuwa Orwell aliwaona watawala sawasawa. Lakini Shaaban aliona kitu ambacho Orwell hakukitia katika hadithi yake. Kwa Winston uhuru ni mahali ambapo dola haiwezi kuingia bila hodi. Kwa Karama uhuru ni zaidi ya hapo: ni raia naye kuweza kubisha hodi katika mlango wa dola, na dola ikalazimika kuitika. Winston hakuwahi hata kutamani hilo. Alitamani kuachwa. Ndiyo maana, ijapokuwa namhurumia Winston, ni Karama ninayewapa wanachuo wangu wamwigize mbele ya darasa, kwa siku sita kamili, na ninamtaka anayeigiza mfalme asifanye kitu kingine isipokuwa kusikiliza. Huniambia baadaye kuwa nafasi ya mfalme ndiyo ngumu kuliko zote.

Katika nchi yetu wenyewe hodi ya raia imewahi kuleta kioja. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alitoa kwa Kigĩkũyũ riwaya ya Matigari. Shujaa wake hutembea nchi nzima, mlango hata mlango, kwa mwalimu, kwa hakimu, kwa kasisi, kwa waziri, akiuliza ni wapi mtu aweza kupata kweli na haki. Ngũgĩ alisimulia kuwa mwanzoni mwa mwaka 1987 taarifa za wapelelezi zilieleza kuwa wakulima wanamzungumza mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza maswali, na amri ikatolewa akamatwe. Polisi walipogundua kuwa Matigari ni mtu wa hadithini, walikikamata kitabu. Mwanachuo mmoja aliposikia habari hiyo aliniuliza kama D-503 naye angeweza kupewa hati ya kukamatwa. Sikuwa na sababu ya kusema hapana.

Isidhaniwe kuwa nachukia serikali. Mtu atakaye nchi isiyo na serikali hajapata kungoja daktari usiku, wala kuvuka barabara ya Mombasa. Serikali ina haki ya kuhesabu watu, kutoza kodi, kuchanja watoto na kumzuia mtu asiwachochee wenzake kumwaga damu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyapanga mambo haya kwa namna ambayo Winston na Karama wote wawili wangefurahi kuisoma. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha: mwili wake na nyumba yake visipekuliwe, mali yake isichukuliwe, mawasiliano yake yasiingiliwe. Hicho ni kifungu cha Winston. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinasema uhuru huo haumruhusu mtu kupiga debe la vita, wala kuchochea jeuri, wala kueneza chuki. Hicho ni cha Karama. Wanachuo wangu huvisoma vifungu hivyo viwili kando ya riwaya hizi, na mabishano huwa makubwa kuliko siku ya mtihani, hasa tunapofika katika swali la nani apimaye kuwa neno fulani ni chuki na lingine ni shauri jema. Majivuno naye alikuwa na hakika kuwa analinda nchi.

Nimebakiwa na jambo dogo la sarufi. Wasomaji wengi wa 1984 hukifunga kitabu pale Winston anapomaliza kushindwa, wakatoka na huzuni nzito. Baada ya ukurasa huo kuna nyongeza inayoeleza ile lugha mpya na kamusi yake, nayo hurukwa na wengi kwa sababu ina sura ya somo. Safari nyingine usiiruke. Mwandishi wake hatajwi jina. Ameiandika kwa Kiingereza cha kawaida, chenye maneno yote ambayo Syme alitaka kuyaua, na vitenzi vyake viko katika wakati uliopita: lugha hiyo ilikuwa hivi, Chama kilikusudia vile, kazi hiyo ilitazamiwa kumalizika mwaka 2050. Mtu fulani, katika chumba fulani, yuko hai baada ya hayo yote na anayaandika kama mambo yaliyokwisha. Chukua kalamu, upige mstari chini ya kila kitenzi.